Gari la Bwana Harusi Lililokataa Kunyamaza

Saa tatu na dakika kumi asubuhi, gari langu lilianza kupiga kelele likiwa limeshapambwa maua. Mpwa wangu alikuwa anaoa kule kijijini Pongwe baada ya sala ya adhuhuri, na mimi, mjomba wake, ndiye niliyepaswa kumpeleka. Alamu ililia, milango ikajifunga na kujifungua yenyewe, kisha injini ikagoma kuwaka. Kila nilipoizima alamu kwa rimoti, haikukaa kitambo ikaanza upya.

Dada yangu, mama wa bwana harusi, hakubishana nami. Alimpigia simu dereva wa gari la kukodi, wakapatana shilingi laki moja na nusu.

"Nakupa mpaka saa tano, kaka. Ikipita hapo, mwanangu anapanda gari la watu."

Dereva alifika mapema, akaegesha kivulini.

"Shikamoo mzee. Nianze kuhamisha maua taratibu?"

"Marahaba. Yaache yalipo."

"Sawa, mie nipo. Hata hizo kelele zina mahadhi ya harusi."

Umeme wa magari nimejifunza mwenyewe, kwa kusoma na kwa kuunguza fyuzi. Kwanza hujiuliza gari linadhani nini. Hili lilidhani kuna kitu kimefunguliwa. Nilikuta utepe wa maua umebanwa chini ya boneti. Nikautoa, nikaifunga vizuri. Alamu ikalia tena. Dereva akakohoa kwa adabu.

Nikaingia ndani, nikafunga milango yote na kutazama taa ya dari. Ilipaswa kuzimika kabisa, lakini ilikuwa inawaka kwa mbali. Mlango mmoja ulikuwa unasema uongo, na taa ile ingenionyesha ni upi.

Kila mlango una swichi ndogo kwenye fremu, inayobonyezwa mlango unapofungwa. Nikafungua mlango wa dereva, nikachomoa waya wa swichi yake, nikafunga, nikatazama juu. Bado. Wa abiria wa mbele, bado. Wa nyuma kushoto, taa ikazimika.

Nilipovua kifuniko cha mpira cha swichi ile, harufu ilinijia kabla sijaona kitu. Marashi. Mama yetu mdogo alikuwa ameliombea gari dua alfajiri, milango ikiwa wazi, na kumaliza mrashi mzima, ile chupa ya kunyunyizia, upande atakaokaa bwana harusi. Mpira ulikuwa na ufa. Marashi yalipenya, yakakutana na kutu ya miaka mingi ya hewa ya bahari, umeme ukapata njia, gari likadhani mlango uko wazi, likalia na kuizuia injini.

"Mama mdogo, kumbe ni marashi yako."

"Mie nimelibariki gari lako, weye wanisingizia?"

"Hebu nusa."

Akanusa. "Ya kwangu hayo," akasema, bila kujutia hata kidogo. "Na bado yananukia."

Nikasugua kutu kwa msasa, nikakausha, nikaziba ufa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli na kurudisha nyaya zote. Nikabonyeza rimoti. Loki zote zikajifunga kwa mlio mmoja. Tukasubiri, dereva naye akasogea kusikiliza. Kimya. Nikawasha injini, ikaitika mara moja, nami nikajikuta nacheka peke yangu nyuma ya usukani. Ilikuwa saa tano kasoro dakika kumi.

Bwana harusi alipotoka na kanzu yake, mama mdogo alikuja na mrashi umejazwa upya. Nikasimama kati yake na mlango.

"Mnyunyizie yeye. Gari limeshapata."

Dada alimpa dereva elfu ishirini za mafuta, na sahani ya pilau juu yake. Kwa hiyo tuliokoa shilingi laki moja na elfu thelathini.