Siku ya Kuvaa Waume

Kila Desemba, timbo la mawe likishafungwa na kabla watu hawajasafiri kwenda nyumbani kwa Krismasi, wanawake wa mtaa wetu huvaa waume zao. Sijui nani alianzisha jambo hili. Nilipoolewa na kuletwa Kitengela nilikuta limeshapamba moto, na mwaka wangu wa kwanza nilikaa pembeni nikiona aibu hata soda sikuimaliza. Wanawake wazima, waimbaji wa kwaya, wanatokea nyuma ya nyumba wakiwa na ovaroli zilizojaa vumbi jeupe, gambuti miguuni, masharubu ya masizi, na mito tumboni kwa wale ambao waume zao wameshiba. Kila mmoja anaingia uwanjani peke yake, spika inapigwa, naye anacheza jinsi mumewe anavyocheza, anavyotembea, anavyokohoa akitaka chakula kiletwe. Wanaume wameketi upande wa pili wamefungwa leso viunoni, wamepakata watoto, wanangoja zamu yao ya kuumbuliwa.

Halafu mwenyekiti wa chama chetu cha akina mama anapaza sauti: "Huyu ni nani?"

Na mwanamume aliyejitambua ni lazima asimame akubali mbele ya watu. "Ni mimi," husema, na wengine huongeza, "bahati mbaya." Watu hucheka mpaka wakashikana mabega. Ila usidhani ni kicheko tu. Nimewahi kuona mwanamume akijiona jinsi anavyorudi nyumbani akiwa mlevi, mtoto wake mwenyewe amemkalia mapajani, na uso wake ulibadilika kabisa.

Jirani yangu ni Mmaasai, na mumewe anafuga. Yeye huingia na shuka na fimbo, akasimama kwa mguu mmoja, akaangalia mbali mpaka wimbo ukaisha. Hachezi hata kidogo. Ndiye hushangiliwa kuliko sisi sote, na mumewe husimama akiwa na leso yake kiunoni, akasema kwa heshima zote, "Ni mimi huyo."

Mume wangu alikuwa hangoji kuulizwa. Wimbo ukiwa bado katikati alikuwa ameshainuka, leso inamwanguka, anapiga kelele, "Ni mimi! Ni mimi!" kama mtu aliyeitiwa zawadi. Mimi nina hasira za karibu. Yeye alizoea kusema kwamba chai yangu huchemka kabla ya moto kuwashwa. Lakini siku hiyo moja ya mwaka hakuwahi kunikasirisha.

Kisha, mwezi wa mvua, ukuta wa mawe ulimwangukia akiwa kazini timboni. Tulimzika kwao, Makueni. Baada ya siku kupita, nguo zake ziligawiwa ndugu zake kama desturi ilivyo, nami nikafunga virago nirudi Kitengela na watoto wangu wawili. Mama mkwe akapanda gari pamoja nami. Hakuna aliyemwomba. Alisema anakuja kunisaidia kushika mtoto mdogo wiki moja, na hajaondoka mpaka leo.

Huyo mama hakulia. Hakulia mazishini na hakulia kwangu. Alifagia. Alifagia chumba, akafagia mlangoni, akafagia mpaka mbele ya milango ya majirani, na vumbi la Kitengela unalijua, haliishi. Jina la mwanawe halikumtoka mdomoni, nami nikaogopa kulitaja mbele yake. Tuliishi wanawake wawili katika nyumba ndogo, tukimzunguka marehemu kama unavyozunguka sufuria ya moto iliyowekwa sakafuni. Usiku nilikuwa nikimsikia anajigeuza kitandani.

Mwisho wa mwaka ulipokaribia, rafiki wa mume wangu aliyefanya naye kazi alikuja na mfuko wa simiti. Ndani mlikuwa na ovaroli, gambuti na kofia, vitu vilivyobaki kwenye stoo ya timbo. Hakuvifua. "Niliona nisiguse," aliniambia, akaondoka bila kunywa chai. Nguo nyingine zilikuwa zimekwisha gawiwa, kwa hiyo hizi hazikuwa za mtu yeyote. Nikazisukuma chini ya kitanda.

Wiki chache baadaye mwenyekiti akaja na akina mama wengine wawili. Wakakaa kwa unyenyekevu ule wa watu wanaokuja kukunyang'anya kitu. Mwenyekiti akasema wamefikiria, wameona mwaka huu mimi niwe upande wa chakula, nipakue, nisisumbuke.

"Sisumbuki," nikasema. "Nitacheza."

"Dada, tukiuliza huyu ni nani, nani atasimama? Asiyekuwepo na lake halipo."

Sitarudia hapa yote niliyowajibu. Niliwauliza kama mtu akifa anaacha kuwa mume wa mkewe. Niliwauliza kama mimi pia nimekufa. Mmoja wao akaanza kusema pole, nikamwambia pole zimejaa nyumba hii, hata mahali pa kuweka unga hakuna. Mwenyekiti alisubiri nimalize, kwa maana ananijua, halafu akaniuliza kwa upole, "Na mama mkwe?"

Hapo nikawasindikiza mpaka mlangoni.

Nilitaka mume wangu achezwe, basi. Nilitaka awekwe pamoja na waume wengine mara moja zaidi, kabla hajabaki picha ya ukutani tu. Hapa duniani hakuna mtu mwingine aliyejua jinsi mabega yake yalivyokwenda, na nilijua nikikaa miaka miwili mitatu nitaanza kusahau. Lakini kama mama yake angeona ni dharau, mke kujipamba kwa nguo za marehemu na kuchezacheza mbele ya watu, basi ningempoteza na yeye. Na kwa mambo yote yaliyonipata, yeye ndiye aliyekuwa amenibakia.

Jioni ile nilimkuta anachambua mahindi yaliyokobolewa ya muthokoi kwenye ungo. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mama, Jumamosi kuna ile sherehe ya akina mama. Nataka kumvaa."

Vidole vyake viliendelea kutoa takataka. Alichambua hadi nikafikiri hakunisikia.

"Jumamosi mvua itanyesha?" akauliza.

"Sidhani, mama."

"Haya." Akapeta ungo, akainuka akaenda jikoni.

Mpaka siku yenyewe sikujua kama nimepewa ruhusa au nimekatazwa.

Mvua haikunyesha. Jua lilikuwa kali na upepo wa mbugani ulikuwa ukipeperusha leso za wanaume, nao wanazishika kwa mikono miwili watu wakicheka. Mama mkwe alikaa chini ya hema na mtoto mdogo mapajani, karibu na jirani yangu. Zamu yangu ilipofika nilikuwa nyuma ya nyumba nimeshavaa. Ovaroli ilinimeza. Gambuti nilizijaza matambara ili zisinitoke. Nikajiambia mwenyewe kwa ukali, ulitaka, si ulitaka? Nikashusha kofia mpaka puani, kama alivyoivaa mume wangu, nikaingia.

Alikuwa na ngoma yake ya ajabu. Miguu aliipanda chini haitoki, akapinda mgongo kama mtu aliyebeba jiwe, mkono mmoja nyuma kiunoni, akacheza mabega tu. Kila kiitikio kikifika aliinua kidole kimoja, kama anayesema ngojeni kidogo. Nilifanya hivyo hivyo. Nilipoinua kidole nilisikia mwanamke mmoja akicheka, kisha akakimeza kicheko chake. Watu waliokuwa wakipiga picha walishusha simu.

"Huyu," mwenyekiti alisema, na sauti yake haikuwa ile ya kila mwaka. "Huyu ni nani?"

Hakuna aliyeinuka. Nilikuwa nikiwaona chini ya ukingo wa kofia, wanaume waliochonga mawe naye, wamefungwa leso za maua, wameinamisha vichwa. Yule rafiki yake aliyeleta mfuko alianza kusimama, akakaa tena, maana haikuwa nafasi yake. Spika iliendelea kuimba. Malori yalikuwa yakipita barabara ya Namanga. Nikamwona mwenyekiti anamtafuta kwa macho kijana wa spika azime, na nikakasirika kweli kweli, nikapinda mgongo zaidi, nikacheza. Kama ni kimya, basi na tukisikie chote.

Mama mkwe akampa jirani yangu mtoto. Akaja uwanjani kwa mwendo wa mtu aliyeona mbuzi wameingia shambani. Nilijua nimekwisha.

"Mgongo!" akasema.

Nikasimama.

"Nyoosha hiyo mgongo! Tangu ukiwa mdogo nakuambia. Unatembea umekunjika hivyo, utazeeka mbele yangu?"

Watu waliangua kicheko ghafla, kicheko cha kuumiza, wengine wakifunika nyuso kwa leso. Mimi sikucheka. Nilinyoosha mgongo, halafu nikaacha urudi polepole ukapinda, kwa sababu ndivyo alivyokuwa akifanya, anamtii mama yake kidogo kisha anasahau. Akanipiga kofi mgongoni, vumbi likatoka.

"Kichwa ngumu," akasema. Sauti yake ilikuwa imeanza kukatika. "Kichwa ngumu kabisa, huyu mtoto."

Wimbo ulipoisha, nilijua kilichobaki. Mtu akimaliza kucheza huokota mkebe wa chakula uliowekwa pembeni, akatoka langoni kama mume anayekwenda kazini, akavua nguo zile nje na kurudi mwenyewe. Nikauokota mkebe, nikauweka kwapani, nikaelekea langoni nikiburuta zile gambuti. Watu wakanifungulia njia.

Sikumsikia mama mkwe akinipita. Ni mzee, magoti yanamuuma, lakini alifika kabla yangu. Akalisukuma lango la mabati likajifunga, akageuka akaliegemea, akatandaza mikono yote miwili.

"Leo hauendi," akasema.

Nilifikiri amesahau kwamba ni mchezo. Nikainua kofia ili auone uso wangu, aone ni mimi. Aliniona vizuri. Alijua ni mimi, mke wa mwanawe, na machozi yalikuwa yakimshuka mpaka shingoni, ya mazishi yote na ya miezi yote ile ya kufagia, na hakuyafuta, kwa maana angeyafuta angetoa mkono langoni.

"Sikia, mimi ni mama yako," akasema. "Leo hauendi kazi."

Nikauweka mkebe chini.

"Sawa, mama," nikasema. "Siendi."