Nilimpulizia Baba Mkubwa Kompresa Sikioni

Niliamini, tena kwa moyo wote, kama mtu anavyoamini kwamba Kilimanjaro upo hata siku ya mawingu, kwamba upepo wa kompresa unazibua masikio.

Usinicheke bado. Nisikilize kwanza, maana kosa ni langu mimi, si la mtu mwingine.

Habari hiyo nilipewa na fundi pancha mmoja, jirani wa karakana yangu ya useremala pale Soweto, mtaa wa Moshi. Aliniapia kwamba kuna mzee wa Kahe aliyekuwa kiziwi tangu ujana. Alipita kujaza baiskeli upepo, vijana wakampulizia sikioni kidogo tu, puu! Palepale akamsikia mkewe anavyomsengenya Kahe, na yeye yuko Moshi mjini!

"Upepo unasukuma uchafu wote," fundi pancha akasema, "unatokea upande wa pili."

Upande wa pili! Na mimi, msomi wa masomo ya jioni, niliyepata cheti cha kidato cha nne nikiwa na ndevu na watoto, badala ya kucheka nikamuunga mkono. "Hiyo inaitwa presha, bwana. Tumeisoma."

Jamani, elimu!

Nina kompresa ndogo ya kubebeka, nyekundu, na bunduki yake ya misumari. Ile si mashine, ile ni mke wa pili! Ikiwaka, mbega wote wa msituni wanafunga mizigo. Kazi ya nyundo ya kutwa nzima, yenyewe inaimaliza kabla chai haijapoa.

Karakanani tuna desturi yetu. Kazi ikiisha tunachomoa ile bunduki, tunachomeka pua ya kupulizia, halafu tunapuliziana vumbi la mbao. Shati, suruali, nywele, mpaka ndani ya viatu. Tunacheka na kufukuzana watu wazima na akili zetu. Hakuna aliyewahi kuumia, basi tukaona upepo ni upepo tu.

Desemba ikafika. Unajua mwenyewe, Desemba kila Mchagga anapanda nyumbani, na kila nyumba inataka kung'aa kabla wageni wa Dar hawajashuka kwenye magari yao. Nikapanda Kibosho na mashine yangu, kumpigia baba mkubwa silingi ya mbao sebuleni.

Baba mkubwa ni kaka wa marehemu baba yangu. Ndiye aliyenilea. Ndiye pia aliyekuwa mshika kisu wa ukoo wetu.

Kwetu mbuzi wa sikukuu hakatwi kama wa buchani. Kila nyama ina mwenyewe. Kidari kina mtu wake, paja lina mtu wake, na mgawaji akikosea watu wanaweza wasisalimiane mpaka Pasaka. Kwa hiyo anayeshika kisu lazima awe na masikio. Anaita, anaitikiwa, anasikia hata manung'uniko ya walio nyuma kabisa na kuyatuliza kabla hayajawa ugomvi. Baba mkubwa alikuwa anamsikia hata mtu anayemeza mate kwa hasira! Na hiyo kwa sikio moja tu, la kulia. La kushoto lilikuwa limeziba muda mrefu.

Siku ya mbuzi watu walijaa uani. Mbuzi ameshachinjwa, mbege, pombe yetu ya ndizi, inazunguka. Baba mkubwa akaingia sebuleni, akainua macho juu, akaitazama silingi yangu, na watu nyuma yake wanachungulia.

"Wewe fundi," akasema, "hii misumari imefuata mstari au imetoka kilabuni?"

Watu wakaangua kicheko. Binamu yangu Deo, aliyekuja na simu kubwa kama sinia, akaongeza, "Kaka, bunduki yako ina makengeza!"

Na mimi nikacheka. Lakini nilicheka kwa meno tu. Moyoni nilisema, mzee huyu leo nitamwonyesha.

Hilo ndilo ninalotaka ulijue. Kwenye familia wote wanasema nilikosea kwa upendo, eti nilitaka kumtibu. Sivyo! Kumtibu nilitaka, ndiyo, kidogo. Lakini zaidi nilitaka naye achekwe.

Tukatoka uani. Nikachomeka ile pua ya kupulizia, nikasema kwa sauti ya mganga, "Baba mkubwa, leo nikuzibue hilo sikio? Mashine hii inatibu. Kuna mzee wa Kahe alipona."

"Kweli?"

"Kabisa. Ni presha tu."

Akanitazama kwa upole. "Haya. Wewe ndiye uliyesoma kwetu."

Akavua kofia. Akaketi kwenye kigoda, akafumba macho kama mtoto anayebatizwa. Ninavyoandika hapa nayaona yale macho yaliyofumbwa.

Sikupunguza geji. Ilikuwa kwenye presha ileile inayozamisha msumari mzima ndani ya mbao.

Nikampulizia la kushoto. Puu! Akaruka, akatikisa kichwa, akalishika sikio. Uso ulimkunjamana, lakini akajikaza kiume mbele ya watu.

"Linavuma tu," akasema. "Na linauma."

"Meku!" Deo akampigia kelele, kumwita mzee kwa Kichagga, huku anamrekodi. "Unaisikia Dar?"

Watu hoi! Wengine wameshika mbavu, wengine mbege inawatokea puani. Na mimi, ndugu yangu, kicheko cha watu kikanipanda kichwani kuliko mbege yenyewe. Nikahamia upande wa kulia.

Baba mkubwa akahisi ile pua ya chuma upande usiopaswa. Akainua mkono. Kwenye video inasikika vizuri kabisa, anasema, "Hili ni zima, mwanangu."

Halafu inasikika sauti yangu, nimechangamka kama mshereheshaji wa harusi: "Na hili tunalifanyia sevisi, yalingane!"

Nikabonyeza.

Mungu wangu! Alitoa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwa binadamu. Asubuhi ile nilikuwa nimeisikia kwa mbuzi. Akasimama, akazunguka kama anayetafuta mlango mahali pasipo na mlango, akaanguka kwenye mafiga.

Na sisi tukacheka! Ndiyo, tulicheka! Deo akasema, "Mzee anacheza!" Mtu mmoja akapiga vigelegele. Tuliendelea kucheka, simu mikononi, mpaka mama mkubwa alipomfikia kutoka nyuma ya nyumba, akamgeuza kichwa na kuona uzi wa damu unashuka shingoni.

Hapo ndipo kelele za kweli zilipoanza. Mama mkubwa analia, wanawake wanapiga mayowe, watoto wanalia, watu wananitukana kwa Kichagga na Kiswahili, mbwa naye anabweka.

Baba mkubwa akaketi, akatutazama midomo mmoja baada ya mwingine, akauliza taratibu:

"Mbona mmenyamaza?"

Tukamkimbiza hospitalini mjini. Yule mbuzi alikatwa ovyo siku ile, kila mtu akachukua alichokishika.

Madaktari walijitahidi. La kulia halikurudi. La kushoto linashika mvumo tu, kama mtu anayeongea ndani ya pipa. Na kizunguzungu hakijamwacha. Mzee aliyekuwa akishuka kule chini kwenye migomba bila fimbo, leo anakwenda ameshika mgomba huu, anauachia, anashika mwingine.

Hajawahi kunilaumu. Heri angenipiga! Nikienda kumwona ananiita "fundi wangu." Siku hizi ananijibu "Marahaba" kabla sijafungua mdomo, maana anaogopa kupitwa na shikamoo yangu.

Ile video Deo aliiweka kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mchana uleule, kabla hata damu haijaonekana. Ipo mpaka leo. Chini yake kuna safu ya vikaragosi vinavyocheka mpaka machozi. Cha kwanza ni changu.

Unadhani nimemaliza? Bado. Kosa la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa sababu hilo nililifanya bila mbege na bila kicheko.

Desemba iliyofuata tulikusanyika tena. Baba mkubwa alikuja mapema, akaketi mahali pake pa siku zote, kisu amekilaza mapajani. Alikuwa amekinoa mwenyewe. Kinang'aa!

Baba mdogo, baba yake Deo, akasimama. "Jamani, kisu hiki mwaka huu tumpe Deo. Yeye bado ana masikio mawili mapya!"

Watu wakacheka. Baba mkubwa aliona meno, akadhani ni utani mzuri wa sikukuu. Naye akacheka, akatikisa kichwa kuitikia, kwa adabu, kama anavyoitikia kila kitu siku hizi.

"Mmeona? Amekubali mwenyewe!"

Deo akainama, akakitoa kile kisu mapajani mwa mzee. Baba mkubwa akakifuata kwa macho mpaka kilipofika kwa mbuzi. Mikono yake ikabaki palepale mapajani, imefunguka. Kisha akanitazama mimi. Si mwingine, mimi! Alitaka nimwambie kinachoendelea, maana mimi ndiye niliyesoma kwetu.

Ningeweza kumwandikia hata kwenye vumbi kwa kidole. Ningeweza kusema, "Hajakubali, hajasikia!" Lakini ningesema hivyo, wote wangekumbuka ni nani aliyeyaua masikio yake. Basi nikamwinulia kikombe cha mbege, nikatabasamu.

Naye akatabasamu. Nyama yake aliletewa kwenye sahani, bila kuitwa jina.

Kompresa bado ninayo, na ndiyo inayonilisha. Ile pua ya kupulizia niliitumbukiza chooni. Karakanani anayejipulizia vumbi mwilini namfukuza siku hiyohiyo, na wananiona nimerukwa na akili. Sawa! Wewe unayesoma, kama una mashine hii, upepo wake ni wa misumari. Usiuelekeze kwa mtu. Usiuelekeze kwa utani, wala kwa tiba, wala kwa sababu watu wanacheka. Na ukishakosea, usinyamaze mara ya pili.

Nimebakiza maneno ya nesi wa siku ile. Nilisimama naye koridoni, nikamsimulia yote, fundi pancha, mzee wa Kahe, presha, uchafu kutokea upande wa pili. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatisha. Hakunigombeza. Alizungumza polepole, kama anayemweleza mtoto:

"Kaka, sikio halina upande wa pili. Ndani kuna ngozi nyembamba, na upepo ule unaipasua. La kushoto lilikuwa na nta tu, linawekewa matone, linaoshwa kwa maji ya uvuguvugu. La kulia halikuwa na kitu."