Kafi la Komora

Harufu ya mti uliokaushwa na moshi wa jikoni hunirudisha Ngao, kijiji cha kando ya mto, nyumbani kwa bibi yangu mzaa mama. Juu ya meko, darini, palichomekwa kafi la kupigia mtumbwi. Lilikuwa la kaka yake, Komora, aliyechukuliwa na Keya, jeshi la mkoloni, akafia vitani Burma. Alilichonga wiki ile ile aliyoondoka, wala halikuwahi kugusa maji. Picha yake hatukuwa nayo, na kaburi lake hatukulijua. Tulikuwa na kafi na maneno ya Bibi.

Na Bibi hakuwa bahili wa maneno. Komora alikuwa jitu, mlangoni akiingia huinama. Kwa bega moja alimbeba Bibi, kwa la pili mkungu wa ndizi. Nilimwamini, nikawatishia wenzangu shuleni kwa jina lake.

Mwaka wa Elnino mto ulipanda hadi kizingitini. Baba alileta mtumbwi mlangoni, akakosa mtu wa kumsaidia kupiga kafi. Bibi akalishusha lile la darini, akalifuta masizi kwa leso yake, akanipa.

"Shika. Usilipoteze, nakuomba."

Kwetu kafi hukatwa kwa kimo cha mwenyewe: likisimamishwa, limfike kidevuni. Nililisimamisha, likanifika kidevuni hasa. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitatu.

"Kumbe jitu lako lilikuwa fupi kama mimi, Bibi," nikasema, nikicheka.

Baba alinikata jicho. Bibi alipanda na kuku wake, akayatazama maji njia nzima. Tulipofika mahali pakavu alinisimamisha, akanipima na lile kafi mara mbili, kama fundi.

"Alipoondoka nilikuwa na miaka sita," akasema. "Nilimtazama kutoka chini."

Nikaona nimeshinda.

Bibi alishafariki, na kafi ninalo mimi. Mwezi uliopita mwanangu alilisimamisha akicheza, likamfika kidevuni. Yuko darasa la nane, na sauti yake haijaanza hata kukwaruza. Nililia hapo hapo jikoni. Komora hakuwa mfupi. Alikuwa hajamaliza kukua.

Bibi aliligundua hilo siku ile, mbele yangu. Miaka yote alikuwa amemlilia mtu mzima, sasa akaanza kumlilia mtoto. Na mimi nilikuwa bado nacheka.