Kupe wa Mbwa Wangu

Mimi ni fundi cherehani, na mdomo wangu unajulikana mtaa mzima. Miezi mitatu nilimsema mama wa nyumba ya pili kwamba mbwa wake ndiye anayemletea wangu kupe. Nilisemea uani, kwa sauti, ili asikie vizuri.

Juzi nikaenda duka la dawa za mifugo kuchagua dawa nyingine, maana ile ya matone imeshindwa. Muuzaji akaniuliza naitumiaje.

"Namwagia mgongoni, halafu namwogesha siku hiyo hiyo. Inanuka."

Akashusha miwani. "Dada, unatakiwa utenganishe manyoya, udondoshee kwenye ngozi, na maji yasimguse siku mbili. Wewe umekuwa ukitibu mfereji."

Akanitolea vidonge vya kutafuna huku akipiga soga. "Kuna mama hununua hivi kila mara. Wiki iliyopita alitaka na vya mbwa wa jirani yake, kisha akavirudisha. Alisema mwenye mbwa ni fundi cherehani, ana maneno makali, hajui atamwanzaje."

Nikalipa vidonge. Gauni la mama huyo liko kwangu tangu mwezi juzi. Nimelikalia makusudi.