Bibi Anayefua Ndani ya Ukingo

Nilipokuwa mtoto kule Kibosho, miaka ile bei ya kahawa iliposhuka na wanaume wengi wakawa wanakwenda mjini kuuza mitumba, niliamini kwa moyo wote kwamba ndani ya ukingo wa bwawa letu anaishi mwanamke mzee. Bwawa lenyewe lilikuwa dogo, la udongo mtupu, limeziba korongo juu ya kihamba chetu, shamba la ukoo la migomba na kahawa. Mababu walilijenga ili maji ya masika yasishuke kwa fujo na kubeba migomba. Chini ya ukingo, kwenye mawe, maji yalichuruzika kidogo kidogo, safi kabisa, na hayo ndiyo tuliyokunywa.

Bibi yangu mzaa baba aliniambia kuwa maji hayo ni ya yule mwanamke. Yakiwa safi, amepumzika. Yakitoka mekundu, anafua nguo zake apate kuhama.

"Na akihama," bibi alisema, "hahami peke yake."

Niliishi na bibi. Chini kidogo ya nyumba yake alikaa mama mdogo Eliza, mke wa baba yangu mdogo, na mwanawe mchanga, Beda. Mama mdogo hakuwa Mchagga. Alizaliwa tambarare, kwenye mashamba ya miwa, ambako baba yake alitunza mifereji na kingo zake. Bibi alikuwa na mazoea ya kusema, bila ubaya mkubwa, kwamba mtu wa tambarare haujui mlima.

Siku ninayoikumbuka, mvua ilikuwa imenyesha tangu Jumapili na ndiyo kwanza imekatika. Ilikuwa kama saa tisa alasiri. Nilitumwa maji. Nilipoinama kutega ndoo, nikaona yanayoingia ni mekundu, mazito, yana chembe za udongo, na hayachuruziki tena bali yanasukumwa. Niliiacha ndoo palepale nikakimbia.

Bibi alikuwa jikoni akimenya ndizi.

"Bibi, anafua."

"Nani?"

"Yule wa kwenye ukingo. Maji ni mekundu."

Alinitazama, kisha akacheka, kama mtu mzima anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake.

"Mjukuu wangu, hayo ni maneno ya kuwatisha watoto wasichezee ukingoni. Mama mkwe wangu aliwatishia wanangu hivyohivyo. Mvua ikinyesha maji huchafuka. Rudi ukaniletee ndoo yangu."

Nimeshtuka mara nyingi maishani, lakini sijui kama nimewahi kushtuka vile. Kuuogopa ukingo nilikuwa nimeshazoea. Kilichonitikisa ni kwamba mtu aliyenipa hofu ile yeye mwenyewe hakuwa nayo. Nilisimama mlangoni kama niliyezabwa kofi. Kurudi peke yangu kwenye yale mawe sikuweza, basi nikateremka kwa mama mdogo.

Alikuwa anaanua nepi. Yeye hakucheka. Aliniuliza maswali mawili tu.

"Ni rangi, au ni udongo wenyewe?"

"Udongo."

"Yameongezeka?"

"Yameongezeka sana."

Akamfunga Beda mgongoni, tukapanda pamoja. Ndoo haikuwepo tena, ilikuwa imesukumwa huko chini. Mama mdogo akateka maji kwa kiganja, akayapitisha kati ya vidole, kisha akainua macho kuutazama ukingo. Ulikuwa umejaa vichaka, mashimo ya fuko, na miti iliyojiotea. Njia ya pembeni ya kupunguzia maji ilikuwa imezibwa na magugu. Hakuna aliyeifyeka tangu kazi za pamoja zilipoanza kukosa watu.

"Ukingo unaliwa ndani kwa ndani," alisema taratibu. "Baba yangu akiona hivi anaondoa watu kwanza, jembe analitafuta baadaye."

Akamfungua mtoto, akamfunga mgongoni mwangu kwa kanga yake. "Panda mpaka kanisani. Usishuke, hata ukiitwa."

Yeye akateremka mbio kwa bibi, nami nikapanda nikigeuka nyuma. Nilimsikia akimwita mama mkwe wake kwa sauti ambayo mkamwana hamwitii mkwe: "Mama, toka. Toka sasa hivi." Bibi alitoka na kisu cha ndizi mkononi, akabisha, halafu akageuka kuelekea zizini.

"Siendi popote bila ng'ombe wangu."

"Tangulia, Mama. Nitamfungua mimi."

Bibi akaanza kupanda. Ndiyo kwanza alikuwa ametoka kwenye njia ya maji pale ukingo ulipokaa chini katikati, polepole, kama mtu aliyechoka kusimama. Kisha maji yakapita. Nililiona jiko la bibi likiondoka na paa lake. Beda alikuwa amelala mgongoni mwangu, na nakumbuka nilihofia asije akaamka.

Walimpata mama mdogo kesho yake, chini kabisa, kwenye mibuni. Baba mdogo alifika kutoka Pasua, kule mjini, bado ameshika furushi lake la mitumba, na hakuna aliyethubutu kumpokea.

Siku nyingi baadaye, bibi aliniambia jambo moja. Mama mkwe wake hakumpa maneno matupu. Kila masika yalipokwisha alimpeleka ukingoni, wakafukia mashimo ya fuko, wakang'oa miti ingali midogo, wakafyeka ile njia ya pembeni.

"Kazi niliiacha," alisema. "Nikabaki na maneno."

Leo naamini kwamba yule mwanamke mzee alitungwa na watu waliotazama maji yale kwa miaka mingi, wakaogopa kwamba wajukuu watasahau. Hatukusahau. Ila waliokuwa na nguvu za kushika jembe hawakuamini, nami niliyeamini nilikuwa mtoto. Bibi sikumhukumu wakati ule na simhukumu sasa, ingawa zipo siku huwa nakaribia.

Tulipomzika bibi, Beda alikuwa kijana mwenye ndevu. Watu walipotawanyika alibaki nami kando ya migomba, akaniuliza mama yake alikuwa mtu wa namna gani, maana kila mtu humwambia tu kwamba alikuwa mwema.

"Ukimwambia jambo," nilimjibu, "alikuwa anakwenda kutazama."