Kitabu Kilichobandikwa Ukutani

Watu huniuliza ni kitabu gani kitamfanya mtoto wao apende kusoma, nami hupandwa na hasira kidogo, kwa sababu wanataka jina tu waende wakanunue, basi. Mimi kilichonishika ni kitabu cha kobe aliyepanda treni kwenda Kisumu kumtafuta ndugu yake. Nilikuwa darasa la nne, Kawangware, Nairobi, miaka ya sabini. Kabla ya hapo, kusoma kwangu kulikuwa kuimba silabi ili nisichapwe.

Kitabu hakikuwa changu. Mwalimu wetu alikuwa na sanduku la mbao lenye vitabu ishirini hivi, na kila Ijumaa alifungua kufuli tukaazima. Ndani ya kifuniko alikuwa amebandika sheria yake: anayepoteza au kuharibu kitabu haazimi kingine tena. Hakuwa na mzaha. Msichana mmoja aliyemwagia kitabu chai alikaa Ijumaa zote mikono mitupu sisi tukisoma. Nilimwonea huruma, huku nikishukuru kwamba si mimi.

Tulipofunga shule Novemba, niliruhusiwa kukaa na kobe likizo nzima. Nilisoma kwenye foleni ya maji. Nilisoma nikichagua mchele, mawe yakabaki humo humo, Mama akanigombeza. Nilipokaribia mwisho niliacha makusudi, maana sikutaka kobe afike upesi.

Sasa Desemba, kwetu, nyumba ilikuwa lazima ibandikwe magazeti upya. Wageni wa Krismasi walikuwa wanakuja kutoka ushago, kule kijijini, na hakuna mama wa ploti yetu ya vyumba vya kupanga aliyekubali wakute kuta za udongo mtupu. Uliomba magazeti kwa jirani anayefanya kazi kwa wazungu, ukapika uji mzito wa unga wa ngano, ukapaka, ukabandika. Mwaka ule magazeti yalikuwa haba. Mama alinituma Kibera kwa shangazi yangu nikaulize kama amebakisha. Hakuwa nayo. Niliporudi nilimkuta Mama amesimama katikati ya chumba, anatabasamu. Ukuta wa upande wangu wa kitanda ulikuwa na kobe, na kobe tena, na treni, na ziwa. Alikuwa amezipanga kurasa vizuri, picha zote wima.

Mama hakuwahi kwenda shule. Kwake yeye, karatasi iliyoingia nyumbani ilikuwa ya ukuta au ya kuwashia jiko, na hii yenye rangi aliiona nzuri mno kukaa imefichwa mkobani. Alinifanyia mimi. Lakini upande wa pili wa kila karatasi ulikuwa umelowa uji, na ukurasa wa mwisho, ule ambao sikuwa nimeufikia, ulikuwa umetazama udongo.

Nilimtolea maneno. Nilimwambia ni mjinga, hajui hata jina lake likiandikwa, na sasa kwa sababu yake sitaazima kitabu tena. Nililia mpaka majirani wakadhani kuna msiba. Mama hakunichapa, na hilo ndilo lililonitisha. Alichemsha maji, akaanza kubandua. Kurasa zilitoka vipande vipande, na udongo wake.

Shule ilipofunguliwa Januari, alivaa gauni lake la kanisani, akafunga vile vipande kwenye leso, tukaenda pamoja. Alimwambia mwalimu mbele ya darasa zima kwamba kosa ni lake, mtoto asinyimwe kitabu. Mwalimu hakupaza sauti. Aliinua kifuniko cha sanduku, akamwonyesha ile karatasi.

"Sheria iko hapa, Mama. Isome, darasa lisikie."

Mama aliisogelea. Akaweka kidole juu ya maandishi, akaanza kukitembeza polepole kutoka kulia kwenda kushoto. Mtu mmoja huko nyuma akacheka. Kisha darasa lote likacheka, na mimi nikacheka nao, tena kwa sauti, ili nionekane ni mwenzao. Mama aligeuka. Katika watoto wale wote, aliniangalia mimi.

"Sijui kusoma, Mwalimu," akasema. "Huyu anajua. Usimnyime."

Kicheko kikaisha. Sijui kama mwalimu alishikwa na aibu au na huruma, lakini alitoa kitabu kingine akaniwekea mkononi. Mama akamshukuru, akakusanya leso yake na vipande vyake, akaenda zake. Sikumsindikiza hata mpaka mlangoni. Nilikuwa nimeshafungua ukurasa wa kwanza.