Anga Ndani ya Kifuniko cha Gurudumu

Mimi ni mtu wa hasira, sifichi. Siku bwana yangu aliponunua kifuniko cha gurudumu la Pijo kwa fundi wa gereji hapa Awendo, na sisi hatuna gari, hatuna hata baiskeli, nilimwuliza amekula nini. Joash alikipangusa kwa shati lake akakishika mbele ya uso wangu, na ndani yake nikaona chumba chote: cherehani yangu, pazia la studio, mlango, barabara na trela la miwa likipita, vyote vimejikunja kwenye kitu cha ukubwa wa sinia. Hata mimi nilikuwamo, na pua kubwa. Nikasema haya, leo tutakula hicho.

Huo ulikuwa mwaka wa tisini na nane. Joash alikuwa mpiga picha. Wakata miwa na watu wa kiwanda cha sukari walikuja kwake kupigwa picha za kitambulisho, nami nikishona nguo upande wa pili wa pazia. Yeye Mjaluo wa kisiwa cha Rusinga, mimi Mkuria wa Kehancha, kwa hiyo tuligombana kwa Kiswahili, maana hapo hakuna aliyemzidi mwenzake.

Baba yake, Mzee Jeremiah, alikuwa amevua omena miaka arobaini. Hao ni visamaki vidogo vinavyovuliwa usiku, watu wakielea na taa za karabai ili samaki waufuate mwanga. Mzee alilala mchana na kuishi usiku karibu maisha yake yote. Halafu akateleza kwenye mawe ya ufuoni, akavunjika nyonga, na mfupa ukakataa kuunga. Mwaka wa pili sasa alikuwa chali sebuleni kwake Rusinga, maana kitanda chake kilihamishiwa huko ili sisi wake za watoto wake tuweze kumsalimu bila kukosa adabu. Hakulalamikia maumivu. Alilalamikia mabati, kwamba ameyatazama mpaka anajua kila msumari.

Utasema, si wangemtoa nje tu? Hata mimi nilisema, na mama mkwe wangu, Phelesia, akanitazama kama niliyemtukana. Kwao anayelazwa uani juu ya kitanda ni maiti, watu wakikesha naye kabla ya mazishi. Ukimlaza mtu mzima hapo, umekiita kifo kije kichukue chake. Mzee mwenyewe alikubaliana naye, akageuza uso ukutani. Lakini tulipokuwa tunaaga, alimshika Joash mkono.

"Nimeanza kusahau anga inavyokaa," alimwambia. "Nisaidie kabla haijaniishia yote."

Joash hakulala vizuri tena. Kamera huona kipande tu, na mzee alitaka yote, kutoka maji hadi vilima. Alijaribu kupiga vipande ishirini na kuvigandisha kwa gundi, vikawa kama suruali ya fundi mlevi. Ndipo akaona kifuniko kile kwa mtu wa gereji, kikiwa kimeegeshwa ukutani, na mawingu yote ya Awendo yako ndani.

Alikisugua kwa majivu na dawa ya meno wiki nzima. Akachomelesha vyuma vitatu vyembamba kama miguu ya kigoda, na juu yake akafunga kamera yake ya Zeniti, ikitazama chini, kifuniko kikiwa sakafuni kinatazama juu. Kamera ilipiga kifuniko, na kifuniko kilikuwa kimebeba anga. Kitufe alikikandamiza kwa kifungo cha koti na ukanda wa mpira kutoka cherehani yangu, ili jicho la kamera likae wazi saa nzima. Mpira huo niliutafuta siku tatu, nikamtukana kila mteja.

Tulisafiri hadi Rusinga mwezi wa Novemba. Joash alikuwa amechagua siku kwa kalenda, akatafuta wiki isiyo na mwezi kabisa, giza totoro, ili nyota zijitokeze. Alijisifu njia nzima. Tukapanda jiwe lililo nyuma ya boma usiku ukiwa umeshika, tukaweka kile kigoda chake, akavuta mpira, tukakaa.

Sijawahi kukaa kimya namna ile na bwana yangu. Kila baada ya saa moja alifunga kamera na mimi nikafuta umande kwenye kifuniko kwa leso, kisha tukaanza tena. Nyota zilikuwa nyingi mpaka nikaona aibu, kama mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kubisha. Karibu na alfajiri zikaanza kuanguka, kubwa kubwa, moja ikaangaza mawe yote na uso wa Joash. Nilimshika mkono. Nilisahau kwamba nilikuwa nimemkasirikia tangu tulipopita Mbita njiani.

Tulirudi Awendo, akaosha filamu mwenyewe kwenye kichumba chake cha giza. Nilimsikia akiguna, halafu kitu kikagonga ukuta. Nikafunua pazia.

Picha ya saa ya mwisho ilikuwa ya duara, na katikati kulikuwa na doa jeusi la kamera na miguu yake. Nyota zilikuwa zimetembea, kila moja imeacha uzi wake, nyuzi zilizonyooka kupita utosini na kupinda kuelekea pande mbili. Uzi mmoja mnene ulizikata nyingine zote, ile nyota iliyoanguka. Lakini upande wa ziwa, nusu ya ukingo mzima, kulikuwa na mafungu ya moto, meupe, yamevimba, yamekula nyota zote za huko.

Zilikuwa karabai. Mtoto wa mvuvi wa omena alikuwa ametafuta usiku usio na mwezi, na usiku usio na mwezi ndio usiku ambao wavuvi wa omena wote wako majini, kwa sababu mwezi ukiwaka samaki hawazijali taa. Kutoka juu ya jiwe tulikuwa tumeziona, zinapendeza, na hakuna aliyewaza. Nilicheka mpaka nikaketi. Kisha nikamwona anatokwa na machozi, nikaacha.

Alisafisha picha nyingine kubwa, akiigeuza filamu juu chini kwenye mashine ili mashariki ikae mashariki, maana kioo hugeuza. Halafu akachukua mkasi, akasema ataukata ukingo wote wa taa, abaki na nyota tu. Nilimnyang'anya mkasi ule. Ni wangu, wa nguo, na haukati karatasi. Nikamwambia baba yake aliomba anga yote, sio iliyochaguliwa na mtoto. Giza lisilo na mwezi lilikuwa bado limebaki siku tatu, tukapanda gari tena.

Mzee aliishika picha kwa mikono miwili, juu ya uso wake, kama anavyoyatazama mabati. Joash akaanza kuomba radhi kuhusu taa, kwamba alipaswa kukumbuka habari ya mwezi, kwamba atapiga nyingine. Mzee hakumsikia. Kidole chake kilikuwa kimezipita nyota zote, kimefika ukingoni.

"Kumbe bado wanaenda," alisema.

Akauliza ni usiku gani, upepo ulikuwa wa wapi. Akatuonyesha hawa ni wa ufuo wetu, wanapenda kukaa pamoja kama wanawake sokoni, na huyu aliye peke yake amekaribia mawe mno, nyavu zake zitachanika. Alikuwa anaongea upesi, kwa Dholuo na Kiswahili pamoja kwa ajili yangu. Miaka miwili alikuwa amelala akidhani usiku wa ziwani ulikwisha siku alipovunjika. Machozi yalimtiririkia masikioni na hakuyafuta. Kisha akaweka picha kifuani akasema atolewe nje.

Phelesia alikataa. Alisimama mlangoni, mikono kwenye miimo, akasema hatalala uani mtu wake anayepumua.

"Phelesia," mzee akasema, "maiti haombi. Mimi ninaomba."

Mama yule akashusha mikono.

Joash akawaita wavuvi wawili waliokuwa wakielekea majini. Wakakishika kitanda pembe nne, mama naye akashika yake. Mzee aliuma blanketi na hakupiga kelele hata mara moja. Walimweka uani, mito mitatu mgongoni, uso ziwani. Jua lilikuwa limeshazama, na taa zikaanza kuwashwa, moja, nyingine, tatu pamoja.

Jirani yetu Pamela alikuwa anapita na beseni la vyombo kichwani. Akaona kitanda uani, mtu amefunikwa blanketi, watu wamesimama. Beseni likaanguka, akapiga nduru iliyofika kisiwa kizima.

"Pamela, nyamaza," mzee akamwambia kutoka kitandani. "Unanipotezea hesabu."

Yule mama aliketi palepale chini, kati ya sufuria zake, hajui alie au acheke. Mimi nililia. Joash alikuwa amesimama na picha yake mkononi, hakuna aliyeiangalia tena, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha vile.

Phelesia akaleta mkeka. Akautandika kando ya kitanda, kwenye kichwa, upande wa mashariki, mahali mjane huketi. Akakaa, akamwinamia mumewe, akamrekebishia blanketi shingoni polepole.

"Sogea kidogo," mzee akasema. "Umenikingia nyota za Kilimia."

Akasogea.